Hatua Ishirini kwa Ishirini

Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka kuna mtu ambaye wahubiri wengi humpita haraka. Amealikwa karamuni, naye anaomba radhi kwamba amenunua shamba na hana budi kwenda kulitazama. Tumezoea kumlaumu kwa kukataa mwaliko, na lawama hiyo anastahili. Lakini mimi ni mkazi wa Mwanza, nimekaa kwenye viti vya plastiki nikishuhudia mauziano mengi ya viwanja, na swali langu la kwanza juu yake ni jingine. Hivi mtu huyu alilipa fedha zake kabla ya kuliona shamba? Mistari kumi mbele, katika sura ile ile, Bwana Yesu anamtaja mwingine, anayetaka kujenga mnara, ambaye anapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nimewasoma watu hawa wawili pamoja kwa miaka mingi, kwa sababu niliwahi kuwa yule wa kwanza.

Mwaka 2009 nilinunua kiwanja kwenye mteremko wa kilima upande wa Kishiri. Siku ya kuonyeshwa, dalali alipiga hatua mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu, miguu kama ya korongo, na hatua zake ishirini zilitufikisha kwenye jiwe kubwa jeupe. Nikaridhika. Siku ya malipo hakuwapo, akaja mwenzake, mfupi kiasi, akapiga hatua ishirini zake na kuchomeka vijiti, na kijiti cha mwisho kikawa mbali na lile jiwe. Niliona. Nasema niliona, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuona. Nilikuwa na fedha mfukoni, mashahidi walikuwa wamekwisha kunywa soda, mke wangu alikuwa amechoka na kodi ya nyumba za watu, na kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri: kiwanja cha hatua 20 kwa 20. Nikasaini.

Nilipokuja kupima kwa tepu, msingi ukiwa umeshachimbwa, kila upande ulikuwa na mita 15.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana ni hesabu ambayo ningependa kila kijana wa usharika aijue kabla ya kukabidhi fedha. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Mita 15 kwa 15 ni mita za mraba 225. Ukitazama namba za pembeni utadhani umepungukiwa robo tu, lakini ardhi yenyewe imepungua karibu nusu. Vivyo hivyo na ekari. Wazee wetu hutuambia ekari ni hatua 70 kwa 70, na hawakosei sana, kwa kuwa hatua waliyoikusudia ni yadi, ya mtu mzima anayetembea kwa kujinyoosha. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047. Lakini akipima mtu mwenye hatua ya sentimita 75, hatua zake 70 kwa 70 hazifiki hata mita za mraba 2,800. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amehesabu mpaka sabini, tena kwa sauti.

Nikajenga. Nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 11, siyo jumba la kifahari. Ramani niliinunua kabla ya kujua kiwanja kina ukubwa gani, na sikutaka kuibadilisha. Ukiiweka nyumba hiyo katikati ya mita 15 kwa 15, unabaki na mita mbili mpaka mbili na nusu kila upande. Ndani ya ukanda huo nilipaswa kuweka tanki la maji, jiko la kuni, kamba ya nguo, njia ya kupita na jeneza siku tutakapofiwa (nacheka nikiandika, lakini ni lazima lipite), na karo la maji taka. Wanaoijua Mwanza wanajua vilima vyetu. Ukichimba futi nne unakutana na mwamba. Fundi alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa kuchimbia karo, na mahali pekee jembe lilipokubali kuingia palikuwa upande wa chini, hatua moja kutoka ukuta wa jirani yangu.

Jirani huyo ni mama aliyefika pale kabla yetu. Mvua za masika ya kwanza ukuta wake ukaanza kulowa. Ya pili, ukatoa harufu. Alikuja asubuhi moja, akanisalimu kwa adabu zote, Mwangaluka, akauliza habari za watoto, kisha akasema kwa upole kwamba chumba anacholala mjukuu wake hakikaliki. Nikamjibu kwa maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nilimwambia, mayu, na mimi ningefanyaje, kiwanja chenyewe ndicho hiki.

Kwa muda mrefu niliamini lile lilikuwa jibu la kweli. Nilipunjwa, sikuwa na nafasi, mwamba haukunipa njia nyingine. Swali nililolikwepa, na ndilo linalonifanya niandike, ni hili: je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo hakulijua? Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 4, hakisiti. Aliyekosa bila kukusudia anapojulishwa kosa lake, naye huleta sadaka. Nilipokuwa kijana sheria hiyo niliiona kali. Nikiwa na kiwanja changu niliielewa vizuri zaidi. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na namna ya kujua, na kuna kutojua kwa mtu aliyepita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, tepu ya mita 30 ikining'inia mlangoni, akaona kununua tepu ni kumwonyesha dalali kwamba hamwamini. Kutojua kwangu nilikuchagua mwenyewe, na bei yake alikuwa anailipa mama wa nyumba ya chini kila masika. Mimi nilipunjwa mara moja, na nikaupitisha upungufu ule kwenda kwa jirani.

Ndiyo maana siwaelewi ndugu wanaosema kwamba habari za vipimo ni za kidunia, za maofisa ardhi, hazina nafasi katika mafundisho ya kanisa. Katika mitaa yetu mtu anayenunua kiwanja bila kujua anahitaji nini anaanza kuchukua kwa wengine. Anasogeza ua nusu mita kwenye uchochoro, jirani wa pili naye anasogeza, na siku nyumba ikiwaka moto au mama akishikwa na uchungu usiku, gari haliingii. Nenda Mabatini au Igogo, panda kwa miguu, hesabu ni nyumba ngapi zinafikika kwa machela tu. Mamlaka ya maji, Mwauwasa, imelaza mabomba membamba ya maji taka kati ya mawe katika baadhi ya vilima hivyo, kazi ya kupongezwa, lakini hata bomba linahitaji mtu aliyeacha mahali pa kulipitisha.

Basi, kabla ya kuuliza bei, kaa na mwenzako mezani mwandike ardhi hiyo ni ya kazi gani. Ni nyumba tu? Kuna ng'ombe? Mama mzazi atakuja kuishi nanyi? Watoto watataka kujenga hapo hapo? Kisha muulize afisa ardhi wa halmashauri eneo hilo limepangwa kwa matumizi gani, kwa maana kuna viwanja vya msongamano mkubwa, wa kati na mdogo, na kila aina ina ukubwa wake na masharti yake ya nafasi ya kuacha mbele, nyuma na pembeni. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni zenye namba na ramani ya upimaji. Nenda na mpima azitafute, usikubali kuonyeshwa jiwe lolote lenye rangi. Na kama ni ufukweni, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengine waliiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu mpaka mwaka 2020, ziwa lilipopanda kufikia kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960 na kuingia sebuleni mwao. Wazee walioziona zile za mwanzo walikuwa wametuambia.

Hayo ni ya wanaonunua kidogo kuliko wanavyohitaji. Upande wa pili nitausema kwa ufupi, kwa sababu wahusika wanajijua. Tangu barabara zianze kupanuliwa, na sasa Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, watu wananunua ardhi ng'ambo hii na ile kama wanunuao dagaa kwa ndoo. Mtu ana viwanja Buswelu, Nyamhongolo, Buhongwa na Usagara, vyote vichaka, na hajui bikoni za hata kimoja ziko wapi. Nabii Isaya aliwatangazia ole waunganishao shamba kwa shamba mpaka pasipo nafasi kwa wengine. Na kabla yake, Walawi sura ya 25 inasema ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni ya Bwana na sisi ni wageni tu kwake. Kwa bahati njema sheria ya nchi yetu haiko mbali sana na wazo hilo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na hati ndefu kuliko zote ni ya miaka 99. Tunachonunua ni haki ya kukaa na kutumia. Mwenye vichaka vinne anashikilia haki ya kutumia kitu ambacho hakitumii, huku kijana wa kwaya anapanga chumba kimoja na watoto watatu.

Lakini tulio katika kanisa tusijione salama. Jambo lililonifundisha zaidi ya kiwanja changu lilitokea ndani ya kamati yetu ya ujenzi, nikiwa mjumbe.

Mtaa wetu wa maombi upande wa Kayenze ulikuwa umekua, watu wanasalia chini ya mwembe, tukatafuta eneo. Mzee mmoja, siyo muumini wetu, alikuwa na shamba linaloanzia barabarani na kuteremka mpaka ziwani. Alitaka kuuza kwa sababu ya deni la matibabu ya mjukuu. Akasema ni ekari mbili, kila ekari shilingi milioni 8, jumla milioni 16. Sadaka na harambee zilikuwa zimetufikisha hapo hapo. Safari hii nilikuwa nimepata akili, nikasisitiza tuje na mpima mwenye leseni kabla ya kusaini. Akaja na mitambo yake, akazunguka, akatupa jibu akiwa ametutenga pembeni: upana mita 50, urefu mita 218, yaani mita za mraba 10,900. Siyo ekari mbili. Ni karibu ekari 2.7. Ziada ile ni sawa na viwanja saba vya mita 20 kwa 20.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, anatungoja.

Nimekaa katika vikao vingi vya kanisa, lakini kile cha dakika ishirini nyuma ya gari sitakisahau. Mjumbe mmoja, mtu mcha Mungu ambaye ametoa kwa kazi ya Bwana kuliko sisi wote, akasema huu ni muujiza, tulipe milioni 16 tushukuru. Akatukumbusha Mathayo 13, yule mtu aliyeona hazina shambani, akaificha, akauza vyote alivyonavyo akalinunua shamba lile. Bwana mwenyewe hakumlaumu. Mwingine, mwenye ujuzi wa sheria, akaja na hoja nzito zaidi. Toeni mita 60 za ukingo wa ziwa, alisema. Mita 60 kwa 50 ni 3,000. Mnabakiwa na 7,900, ambazo hazifiki ekari mbili kamili. Kwa hiyo hatumpunji mtu, tunalipia kile tunachoweza kujengea.

Hoja ile nusura initulize, na ni hesabu sahihi kabisa. Ila niliisikia ndani yake sauti yangu mwenyewe: kiwanja chenyewe ndicho hiki. Tulikuwa tunafanya hesabu ya kweli mahali ambapo aliyehusika hasikii. Kuhusu hazina, nilijibu nilivyoweza. Mfano ule unasifu furaha ya mtu anayeachilia vyote kwa ajili ya ufalme. Hautufundishi namna ya kufanya mauziano, kama vile habari ya wakili dhalimu katika Luka 16 isivyotufundisha kuandika hati za madeni. Tukitaka mfano wa kununua ardhi tumwangalie Ibrahimu katika Mwanzo 23. Amefiwa na Sara, anahitaji kaburi. Anasema anataka nini hasa, pango la Makpela lililo mwisho wa shamba, na anasema ni la kazi gani. Efroni anajifanya kumpa bure. Ibrahimu anakataa, anataka bei kamili, na fedha, shekeli 400, zinapimwa kwa kipimo cha wafanyabiashara mbele ya watu wote langoni pa mji. Hakuna kilichosemwa nyuma ya gari.

Tukamwendea mzee tukamwambia kipimo chote. Akanyamaza kitambo. Nilidhani anapiga hesabu ya fedha, kumbe alikuwa anawaza jambo lingine kabisa. Akasema, "Kwa hiyo huyu kijana wa plau, miaka yote hii namlipa ekari mbili, amekuwa ananilimia ekari karibu tatu?" Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana alikuwa anamaliza giza likiwa limeingia."

Kisha tukauliza swali ambalo tulipaswa kuuliza tangu mwanzo, kama mkewe anajua. Hakuwa anajua. Nchi hii mume hana ruhusa ya kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema hivyo, na hata kwa shamba hakuna mpima wala mwanasheria mwenye busara atakayekushauri ununue mama akiwa jikoni hajui. Akaitwa. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akasikiliza, na hakuuliza bei. Aliuliza maji atayateka wapi, na ng'ombe wao wanne watakunywa wapi, kwa kuwa njia yake ya ziwani, aliyoipita tangu alipoolewa, ilikuwa katikati ya shamba tunalonunua. Kwenye ramani ya mpima njia hiyo haikuwapo. Sisi sote tulikuwa tumeikanyaga asubuhi ile tukiteremka kutazama ziwa.

Ndipo tulipoanza kupima mahitaji yetu kweli. Kanisa la watu mia tatu, mita 15 kwa 30. Nyumba ya mchungaji na bustani yake. Madarasa ya watoto, vyoo, karo mahali panapochimbika na mbali na watu wa chini, uwanja wa mikutano, miti. Tulijumlisha mara mbili, na vyote vilienea katika ekari moja na ushee. Tukiongeza shule ya awali ya siku za usoni, ekari mbili zinatosha. Ule ukanda wa chini hatukuwa na kazi nao. Tulikuwa tunautaka kwa sababu ni ufukwe, na ufukwe ni mzuri kuwa nao.

Tukanunua mita za mraba 7,900 za juu kwa milioni 16 zile zile tulizoahidi. Ukanda wa mita 60 ukabaki kwao kwa malisho, na njia ya upana wa mita mbili kando ya mpaka wa mashariki ikaandikwa kwenye mkataba, mama akaweka dole gumba lake chini ya saini ya mumewe. Bikoni nne zilipandwa wiki iliyofuata. Mama alihudhuria, akasimama juu ya kila moja kana kwamba anajaribu kama imeshika.

Wiki hiyo hiyo nilirudi Kishiri nikamwita fundi. Karo tulilihamishia upande wa juu, kwa kubomoa jiko na sehemu ya kibaraza, na mwamba tuliupasua kwa moto na nyundo siku tisa. Nilikwenda kumwomba radhi mayu. Alinikaribisha ndani, akanipa uji, akanionyesha chumba. Ukuta umekauka, ila alama ya maji bado ipo, kimo cha goti, kuzunguka pande mbili.

Yule mjumbe wa hazina bado anaamini tulipoteza baraka. Kila tukikutana Kayenze ananionyesha ziwa kupitia dirisha la kanisa na kusema, mzee, hapa pangekuwa petu. Huenda ni kweli kwamba siku moja kanisa litatamani eneo lile. Jumapili iliyopita tulikuwa tunabishana hivyo hivyo, kwa kunong'ona, kabla ibada haijaanza, na mama akapita kwenye njia yake na ndoo kichwani, ng'ombe wawili mbele yake na ndama nyuma.